Goli la Kuazima

Jumapili, 18 Agosti

Tumeshinda! Moja bila! Mechi ya kwanza ya msimu, pointi tatu kibindoni. Naandika huku mkono unatetemeka kwa furaha.

Basi, basi. Shajara haidanganywi. Mkono hautetemeki. Jana Zambarau wetu walicheza kama watu waliokutana kwenye foleni ya maji dakika tano kabla ya mechi. Na tulicheza na nani? Timu iliyopanda daraja juzi, vijana ambao nusu yao hawajaota ndevu. Ndio waliotukimbiza. Kipa wetu aliokoa penalti kwa uso, na naapa alikuwa anaangalia pembeni. Dakika ya themanini na tisa beki wetu akabutua mpira ili tu uende mbali, ukampiga beki wao mgongoni, ukaingia. Yule beki alikuwa ameinama anafunga kamba ya kiatu. Hilo ndilo goli. Tulishangilia kwa aibu, kama watu waliokula chakula cha mwenzao.

Ushindi ni ushindi, sikatai. Lakini mimi sikuhitaji ushindi. Nilihitaji mpira.

Sababu ni Baba. Jumamosi ijayo ni mechi ya mwisho kwenye jukwaa la mashariki, lile la saruji, lisilo na paa. Baada ya hapo wanalivunja waweke viti vya plastiki vyenye namba. Kwenye saruji ile Baba alinikalisha tangu nina miaka sita mpaka nilipoota sharubu. Karanga kwenye kikaratasi cha gazeti. Bega lake upande wa jua ili mimi nipate kivuli. Sasa ni miaka sita hajakanyaga pale. Kila nikimwalika jibu ni lile lile: mpira umekufa, nitarudi siku watakapocheza mpira. Nataka akae karibu nami pale mara moja tu kabla nyundo hazijafika. Sitaki kombe wala nini. Nataka hilo.

Kwa hiyo nilijiandaa mapema. Ijumaa nilichukua redio yake, nikamwambia swichi imelegea, naipeleka kwa fundi. Redio haina ugonjwa wowote. Iko chini ya meza yangu ya kazi, nimeifunika sponji. Bila redio, habari za mechi angezipata kwangu peke yangu. Akili hizo!

Leo asubuhi nikaenda kwake. Nikavuta kigoda, nikaanza kusimulia. Ikumbukwe kuwa Baba alikuwa mkaguzi wa mizani miaka thelathini na moja. Alikuwa akizunguka maduka na sanduku la mawe yake ya shaba, na wenye maduka wakimwona wanaanza kutokwa jasho. Mtu wa aina hiyo humdanganyi haraka haraka. Unamdanganya taratibu.

Taabu ni kwamba mechi iliniishia dakika ya tatu ya simulizi. Hakukuwa na kitu! Baba ananitazama, anasubiri. Nikafanya kile ambacho mwana yeyote mwenye mapenzi angefanya. Nikaazima goli.

Niliazima lile la Sindano. Nusu fainali, dhidi ya timu ya reli, mimi nina miaka saba. Sindano akapokea mpira winga ya kushoto, akampita beki wa kwanza, wa pili, wa tatu, kipa akakaa chini kama mgeni aliyekaribishwa, mpira ukaingia taratibu. Nililiona kwa macho yangu haya. Naliona hadi leo: vumbi, jezi iliyolowa mgongoni, mkono wa Baba umenishika kwapani. Sijawahi kuona kitu kizuri zaidi duniani, na harusi yangu naihesabu humo. Basi nikamvisha goli hilo winga wetu mpya.

Baba akauliza mguu gani. Nikasema kushoto. Akauliza kipa alifanyaje. Nikasema alikaa. Akasema alaa. Kisha akauliza redio yake inarudi lini.

Amenasa!

Jumatatu, 19 Agosti

Kazini mapema. Mbele yangu kuna seti ya makochi ya Mwalimu, mkuu wa shule mstaafu, mama mmoja mwembamba kama rula na mwenye tabia ya rula vile vile. Anayataka Jumatano. Kitambaa kijivu, sponji mpya, nzito, ya inchi nne. Alipoileta aliipima mbele yangu kwa futi yake mwenyewe.

Nikakumbuka saruji ya jukwaa. Sisi vijana tuliikalia hivi hivi, lakini Baba ana miaka sabini na minane, na nyama imempungua pale panapohusika. Anahitaji mto. Mto mzuri wa inchi nne. Nikaitazama sponji ya Mwalimu. Sponji nayo ikanitazama. Nikajiuliza mwanamke mwembamba vile atajuaje kama kiti kimoja kimepungua upana wa mto mmoja. Nikakata. Pengo nikalijaza vipande vya kitambaa na matumaini.

Mto umetoka safi! Nimeuvisha kitambaa cha zambarau, nikaushonea na mkono wa kubebea.

Saa sita akapita shemeji yangu, mdogo wake mama watoto. Tunamwita Takwimu. Ni shabiki wa Zambarau kama mimi, lakini hajawahi kufurahia mechi hata moja, yeye anazihesabu. Akasimama mlangoni na simu yake akanisomea, bila mimi kumwomba. Tulimiliki mpira asilimia thelathini na nne. Mashuti yetu yaliyolenga goli: hakuna. Nikamkumbusha kuwa tulifunga. Akasema lile halihesabiwi shuti letu, linahesabiwa mgongo wao.

Nikamwomba, kwa heshima zote za ushemeji, asimguse Baba na namba hizo. Akasema mtu mzima hadanganywi. Nikamweleza kuwa sikudanganya, nilitia sponji. Kila kochi lina mbao na misumari ndani, na hakuna mtu anayekalia misumari. Akatikisa kichwa, akaondoka. Sikupenda alivyotikisa.

Jumanne, 20 Agosti

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ya siku mbili.

Saa nne hivi nikasikia fimbo. Ko, ko, inasimama. Ko, ko, inasimama tena. Baba alikuwa anakuja kwa miguu, akisalimia kila mlango, akipumzika kila kizingiti, na mimi nilikuwa na dakika kumi nzima za kuficha redio mahali pengine. Nilizitumia kutafuta kiti cha kumkalisha. Nikamkalisha juu ya rundo la sponji. Redio ilikuwa humo. Akaikalia, ikawaka.

Tukasikiliza taarifa ya hali ya hewa pamoja, mpaka mwisho.

Kisha akasema, kwa upole ambao ulinichoma kuliko matusi, kwamba redio imepona vizuri. Akasema shemeji yangu alimpitia jana jioni, akamwonyesha goli kwenye simu, mgongo na kamba ya kiatu na vyote. Akasema pia kwamba hakumhitaji shemeji. Mguu wa kushoto, beki watatu, kipa amekaa? Goli lile analijua. Ni la Sindano. Akaniuliza kama nilidhani atasahau mzigo aliokuwa ameubeba begani siku hiyo.

Nikajaribu kusema mpira una kawaida ya kujirudia. Akainua kidole, nikanyamaza. Miaka arobaini na tisa ninayo, lakini kidole kile bado kinafanya kazi.

Akasema kama wangekuwa wanacheza mpira, nisingehitaji kuazima. Hivyo Jumamosi niende salama. Akachukua redio yake kwapani na kurudi. Nikamsikia njia nzima. Ko, ko, inasimama.

Sijafanya kazi tena leo. Nimekaa nautazama ule mto. Kikulacho ki nguoni mwako, na changu kinavaa miwani na kinaitwa shemeji.

Jumatano, 21 Agosti

Mwalimu amekuja kuchukua makochi. Amekagua mishono. Ameridhika. Amekagua misumari. Ameridhika. Kisha, badala ya kulipa na kwenda kama binadamu, akasema ajaribu kukaa. Viti vinne! Angeweza kuchagua chochote. Akachagua kile.

Alizama. Alizama taratibu, akinitazama usoni muda wote, mpaka magoti yakawa sawa na kidevu. Hakupiga kelele. Alinyoosha mkono tu, nikamvuta. Akasema nina mpaka kesho saa nne. Akasema ana wanafunzi wake wawili wa zamani wanaofanya kazi mahakamani.

Sponji ya aina ile dukani hakuna mpaka wiki ijayo. Mto wa Baba? Haiwezekani. Baba amekataa kuja, ndiyo, lakini nikiuvunja ule mto nitakuwa nimekubali, na mimi sijakubali. Nikafikiri sana. Nikaenda nyumbani mchana, mama watoto yuko kazini. Ni mkunga, zamu yake inaisha saa kumi. Godoro letu ni zuri sana, tulilinunua pamoja. Nikakata kipande upande wa ukutani, upande wangu, ili nisimdhulumu mtu. Nikatandika vizuri. Huwezi kujua.

Alijua alipokaa kuvua viatu. Godoro liliinuka upande wake na kushuka upande wangu, akateleza mpaka ukutani na kiatu kimoja mkononi.

Yaliyofuata si ya kuandikwa.

Alhamisi, 22 Agosti

Mgongo unauma. Nimelala ndani ya shimo langu mwenyewe.

Mwalimu amechukua makochi. Amekaa kwenye vyote vinne. Hakusema asante, lakini hakutaja mahakama.

Jioni mama watoto alikuwa anakunja nguo, nami nikamlalamikia habari ya Baba, kwa kuwa hasira za godoro zilikuwa zimeshuka kidogo. Nikasema mzee ana kiburi. Miaka sita anakataa mwaliko wa mwanawe eti mpira umekufa! Yeye akaendelea kukunja. Kisha akaniuliza ni lini mara ya mwisho nilimwona Baba akimaliza sahani ya chakula bila kuinuka. Nikasema Baba ni mtu wa shughuli nyingi. Akanitazama vile anavyowatazama wanaume wanaozimia wodini.

Akasema mzee wa umri ule kibofu hakimngoji. Akaniuliza kutoka ngazi tuliyozoea kukaa jukwaani mpaka chooni ni ngazi ngapi. Nikasema sitini na mbili. Nazijua tangu utotoni, nilizihesabu nikijifunza namba. Akaniuliza kama nakumbuka mechi yake ya mwisho, miaka sita iliyopita, jinsi alivyorudi amefunga koti lake kiunoni wakati wa joto lile.

Nakumbuka. Nilicheka siku ile. Nilimwambia mbele za watu kwamba mzee siku hizi anavaa kama vijana. Naye akacheka pia, akaingia ndani, na kuanzia siku ile mpira ukafa.

Miaka sita. Mimi ni mjinga. Naandika tena ili nikisoma baadaye nisijifiche: mimi ni mjinga. Mzee aliona afadhali auue mpira mzima kuliko kuniambia jambo dogo vile. Nilitoka nje nikasimama uani peke yangu kwa muda. Mama watoto akaniacha, kisha akaja akanipa kikombe cha chai, akasema godoro bado hajalisamehe.

Ijumaa, 23 Agosti

Nimepata mpango. Huu hauna kasoro.

Sehemu ya kwanza: viti. Nimekwenda uwanjani asubuhi kumwona bawabu wa geti la mashariki, mzee mmoja mwenye kiti cha mbao kilichotoboka. Nimemwekea sponji na kitambaa palepale, misumari mdomoni, bure. Naye amenihifadhia nafasi mbili ngazi ya chini kabisa, mlangoni, hatua kumi na moja kutoka chooni. Nimezihesabu kwenda na kurudi. Kasoro ni nguzo ya bendera, ambayo inaziba goli moja. Lakini sisi Zambarau tunashambulia kila upande kwa zamu, kwa hiyo nusu ya mechi tutaiona.

Sehemu ya pili: Baba. Hapo ndipo penye ufundi. Huwezi kumwambia mzee kuwa umejua. Ningemvua nguo hadharani. Basi nikaenda nikakaa, nikainamisha kichwa, nikamwambia Baba, nina tatizo. Nikamwambia ni mimi. Kibofu. Kila robo saa! Nikamwambia natamani kwenda kuliaga jukwaa letu lakini naogopa kwenda peke yangu, nimetafuta nafasi karibu na choo, na nahitaji mtu wa damu yangu wa kunisindikiza.

Alinipima. Naliona jicho lile, jicho la mawe ya shaba. Nilidhani ataniambia kilo imepungua.

Akasema pole, mwanangu. Akasema kama ni kwa ajili yako, nitakwenda.

Nilitaka kuruka! Nikajizuia, nikakumbuka mimi ni mgonjwa, nikaomba ruhusa niende msalani. Nilikaa humo dakika tatu nikichekea ukuta.

Saa tisa alasiri. Kuna tatizo dogo. Baba, kwa huruma, amemweleza jirani yake. Jirani amemweleza muuza mkaa. Shemeji Takwimu amenijia na takwimu za wanaume wa umri wangu, wangapi kati ya kumi. Nimeletewa mizizi ya aina mbili. Mwalimu amemtuma mjukuu wake na barua, mwandiko mzuri sana, akinishauri nipunguze chai na akisema sasa ameelewa kwa nini kazi yangu ina haraka. Mwisho ameandika kuwa mficha maradhi kifo humuumbua, kwa hiyo amefurahi kuona sifichi.

Nimemshukuru. Ningefanyaje?

Jumamosi, 24 Agosti

Alikuja. Amevaa lile koti la kazini, la vifungo vya shaba, na kofia. Amenyoa. Nikambebea mto wake wa zambarau. Kwenye geti bawabu akamsalimia kwa jina lake la zamani, Mzee wa Mizani, akamwinukia kutoka kwenye kiti chake kipya. Baba akasimama mbele ya zile ngazi sitini na mbili, akazitazama mpaka juu. Akasema zilikuwa nyingi zaidi zamani. Kisha akakaa juu ya mto, nami nikakaa juu ya saruji, upande wa jua.

Nilikuwa nataka kulia. Nikapiga filimbi.

Mechi yenyewe? Mbaya! Mbaya kuliko ya wiki jana. Pasi tatu mfululizo hatukupiga. Winga wetu mpya alianguka peke yake mara mbili, mara moja bila mpira. Nikaona aibu, nikageuka kumwomba Baba radhi. Namkuta anatabasamu. Akasema ndivyo hasa. Akasema ndivyo walivyokuwa wakicheza.

Nikasema zamani walikuwa moto! Akasema zamani tulifungwa kila wiki ya pili, na mwaka mmoja tulinusurika kushuka daraja kwa sababu timu nyingine ilikosa nauli. Akasema nilikuwa nalala mapajani kwake kipindi cha pili chote. Sikuamini hata neno moja, ila sikutaka kubishana na mzee.

Dakika ya kumi na tano akajiweka sawa, akanigusa goti, akasema kwa sauti ya mkaguzi wa serikali: mwanangu, twende, usijibane. Safu tatu zikageuka. Nikainuka. Yeye akaingia, mimi nikaingia. Tukarudi. Dakika ya thelathini: mwanangu, inuka, usione haya. Safu tano sasa. Mama mmoja akanipisha kwa huruma. Dakika ya arobaini na tano sikusubiri, nikainuka mwenyewe, na jukwaa zima likanipigia makofi.

Sikujali. Alitembea amenyooka mzee yule! Amenishika mkono kama mtu anayempeleka mwanawe.

Dakika ya sabini na tano, safari ya tano. Mimi sina hata tone lililobaki, nikabaki mlangoni nimeshika fimbo na kofia yake. Ndipo uwanja ukalipuka. Ngazi zilitikisika. Vumbi la saruji likanidondokea kichwani. Goli! Letu! La pekee! Na mbele yangu ulikuwa ukuta uliopakwa chokaa, na maandishi yanayoomba tuache choo kisafi.

Baba akatoka anafunga vifungo vya koti, macho yamemtoka. Akauliza nani kafunga, vipi.

Nikamwambia. Sijui yalitoka wapi. Winga ya kushoto, nikasema. Akampita wa kwanza. Akampita wa pili. Nilionyesha kwa fimbo. Wa tatu akateleza. Kipa akatoka, winga akamdanganya kwa bega, kipa akakaa.

Baba akasema: lakini wewe ulikuwa hapa mlangoni, umeshika kofia yangu.

Nikasema ndiyo, ila kelele zilitosha.

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha, akifuta macho, akaniambia jambo. Akasema siku ile ya Sindano nilikuwa begani kwake, nimejibana tangu mapumziko kwa kuogopa kukosa goli, na nilipolegea nilimlowesha shingo mpaka mgongoni. Akanishusha ngazi sitini na mbili akikimbia. Tulikuwa chooni. Mlango huu huu! Goli likafungwa huko nje, hatukuliona, wala mimi wala yeye. Mimi nikalia sana, sikubembelezeka. Basi akamuuliza muuza karanga mlangoni ilikuwaje. Muuza karanga akasema Sindano kafunga, basi, hakujua zaidi. Na njia nzima ya kurudi nyumbani, nimekaa begani kwake na suruali mbichi, Baba akanisimulia. Beki watatu ni wake. Kipa kukaa ni kwake. Akasema hapo ndipo nilipoacha kulia.

Tulirudi kukaa. Tulishinda moja bila.

Jumapili, 25 Agosti

Nimelifikiria jambo lile usiku kucha, ndani ya shimo la godoro. Nimefikia uamuzi.

Baba amezeeka. Kumbukumbu zinamchezea. Mimi nilikuwepo, nililiona goli la Sindano kwa macho yangu, na kipa alikaa. Jezi ilikuwa imelowa mgongoni. Nani angeweza kubuni jezi? Nimemsamehe mzee, wala sitamwambia.

Asubuhi nimekwenda kwake kumpelekea mto, anasema anautaka kwenye kiti chake cha barazani. Wamejaa watu: jirani, muuza mkaa, hata bawabu na mkewe. Wote wameniuliza kwanza hali yangu. Nimesema naendelea vizuri. Kisha wameuliza goli la jana lilikuwaje, maana nilikaa ngazi ya chini kabisa, karibu kuliko wote. Ningesemaje? Nimesimama katikati ya baraza, nikalisimulia. Wametulia kama wako sinema.

Nafika kwa beki wa pili, shemeji Takwimu anaingia na simu yake. Akasema anayo video. Akasema goli lilikuwa la goti, kona ilipigwa vibaya, mpira ukagonga goti la mtu aliyekuwa ameanguka. Akaiweka simu mbele ya Baba aangalie mwenyewe.

Baba akafunika simu kwa kiganja. Akamwambia shemeji akae chini, hapo penye nafasi. Akasema yeye alikuwepo jana uwanjani na mwanawe, na hahitaji kuonyeshwa.

Kisha akanigeukia, mbele za watu wote, amekunja uso kama zamani akikuta mizani yenye hila, akasema nimekosea hesabu. Nirudie tangu mwanzo. Beki walikuwa wanne.

Walikuwa wanne kweli! Nilimsahau yule mrefu.